Kusomea mawasiliano ya binadamu chuo kikuu: mwongozo kamili kwa kijana wa Lamu

Ukisema hapa Lamu kwamba unasomea mawasiliano, wa kwanza atakuona redioni ukisoma habari, wa pili atakuona juu ya mnara wa simu. Mimi nilisomea mawasiliano ya binadamu kwa miaka minne, na mama yangu aliwaeleza majirani kwa maneno ambayo hadi leo sijapata mazuri kuyashinda: "Amekwenda kusoma vile watu wanavyosemezana."

Mwongozo huu ni wa kijana wa kisiwani, au wa Mokowe, Hindi, Faza, hata Malindi, ambaye fani hii imemvutia na hana wa kumuuliza. Nitapita haraka kwenye mambo ya fomu na maombi, maana hayo yana watu wa kuyaeleza. Nitakawia kwenye kusikiliza na kunukuu, yaani kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa kama yalivyosemwa. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, na hapo ndipo mtoto aliyekulia mji wa baraza anaweza kuwa mbele ya darasa zima, akijua anachokifanya.

Jua kwanza unakwenda kusoma nini

Fani hii huchunguza jinsi watu wanavyojenga maana wakiwa pamoja: wawili wakisalimiana, wazee wakipeleka posa, muuguzi akimweleza mama mja mzito kwa nini arudi kliniki, mgombea akiomba kura uwanjani. Uanahabari ni jirani yake, lakini wenyewe hushughulika zaidi na kutafuta na kutangaza habari. Isimu hutazama lugha yenyewe, sauti na sarufi yake. Sisi hutazama watu wanafanya nini kwa lugha hiyo, na kwa macho, na kwa kimya, na kwa nguo waliyovaa. Tiba ya usemi, ya kuwasaidia wenye shida ya kutamka au waliopoteza usemi kwa kiharusi, ni fani ya afya yenye mafunzo yake. Kama hiyo ndiyo uitakayo, usiombe kozi hii ukitarajia itakufikisha huko.

Mizizi yake ni mikongwe. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alifundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hulka yake mwenyewe, kwa hisia anazoziamsha, na kwa nguvu ya hoja. Lakini kama idara ya chuo kikuu, fani hii ilikulia Marekani. Mwaka 1914 walimu 17 wa ufasaha wa kusema walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chao, na chama hicho kingalipo. Nakwambia haya kwa sababu yanakugusa moja kwa moja: vitabu vingi utakavyopewa vimejaa mifano ya huko, na utahitaji kuvisoma ukiwa na mji wako kichwani.

Na mji wako una historia yake ya mawasiliano. Lamu na Pate zilipuliza siwa, baragumu kubwa la heshima, katika shughuli kubwa. Mbiu ilipigwa mitaani, watu wakajua kuna jambo. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa mawaidha, na mara tu baada ya dini akaweka adabu na ulimi mwema. Katika miaka ya 1970 mashairi ya siasa yalizunguka Lamu kwa kanda za kaseti, yakasikilizwa nyumba kwa nyumba. Ukifika darasani mhadhiri akauliza kuhusu njia za kusambaza ujumbe, hayo ndiyo majibu yako.

Kuchagua kozi na kuomba nafasi

Kwa walio katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027, shahada huanzia gredi ya C+ na diploma C-. Walioingia sekondari ya juu kwa mtaala mpya, njia ya Sayansi za Jamii ndiyo iliyo karibu zaidi na fani hii.

Maombi hupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Utaingia kwenye tovuti yao kwa nambari yako ya mtihani, uone kozi, vyuo, na alama za klasta za walioingia mwaka uliotangulia. Kitu kimoja tu nakusihi: usichague kwa jina la kozi. Chuo kimoja kitaiita "mawasiliano", ndani yake ukute karibu yote ni utangazaji na uhusiano wa umma. Chuo kingine kitaiita jina refu lisiloeleweka, kumbe ndani mna mawasiliano baina ya watu, mawasiliano ya vikundi, balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno), mawasiliano baina ya tamaduni na mbinu za utafiti. Tafuta orodha ya masomo ya kila muhula na uisome mstari kwa mstari. Usipoiona mtandaoni, piga simu idarani uiulize, ni haki yako. Hakikisha pia programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kwa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, njia hiyo hiyo ya basi baada ya Malindi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Mombasa. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, na Daystar ambacho kimejijengea jina la muda mrefu katika mawasiliano. Kuwa karibu na nyumbani kuna faida ambayo wengi hawaihesabu: utafiti wako utakuwa nyumbani, na nauli ya kurudi kurekodi ni ya boti hadi Mokowe na basi la saa kadhaa, si safari ya kuvuka nchi.

Pesa: omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema, na basari ya kaunti na ya mfuko wa eneo bunge kila moja kwa fomu yake. Kitambulisho cha kitaifa kishughulikie punde unapotimiza miaka 18, maana mengi husimama bila hicho. Mkopo ni deni, utalipwa kutoka mshaharani, kwa hivyo chukua unaouhitaji.

Miezi ya kungoja: anza daftari

Kati ya matokeo na siku ya kuripoti kuna miezi. Nunua daftari gumu, na kila siku andika tukio moja la watu kusemezana. Moja tu. Andika lilikuwa wapi, nani walikuwapo, nani alianza, nani alinyamaza, liliishaje. Dell Hymes, aliyetaka katika miaka ya 1960 usemi uchunguzwe kama utamaduni unavyochunguzwa, aliacha maswali yanayosaidia hapa: pahali na wakati, washiriki, lengo, mfuatano wa vitendo, toni, njia iliyotumika, kanuni za adabu, na aina ya usemi wenyewe, kama ni hadithi, hutuba, mzaha au dua.

Jaribu kwa kitu kidogo. Mtu akipiga hodi: alisema mara ngapi kabla ya kuitikiwa? Alisimama wapi akingoja? Aliyeitikia "karibu" alisema akiwa wapi, na mgeni aliingia au alibaki dakani, kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni? Ukiandika hodi 20 utaona mpango ambao hakuna aliyekufundisha ukiwa mtoto, ingawa wewe mwenyewe huufuata kila siku. Kuuona huo mpango ndiko kusoma mawasiliano.

Usijali bado kuhusu nadharia. Daftari hilo litakuwa hazina yako mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza: jinsi ya kusoma nadharia usizame

Wiki za mwanzo utaletewa michoro yenye mishale. Mmoja ni wa Claude Shannon, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, aliyeutoa mwaka 1948: chanzo, kisambazaji, mkondo wenye kelele, kipokezi, na ujumbe unapofika. Shannon alikuwa akitafuta jinsi ya kupitisha ishara kwenye waya bila kuharibika, na kwa kazi hiyo alifaulu mno. Mwaka huo huo Harold Lasswell aliweka maswali yake: nani, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, kwa athari gani. Yashike hayo mawili, yajaribu kwenye mbiu ya mgambo au tangazo la msikitini, yatakaa sawa.

Kisha yajaribu kwenye salamu za Lamu, na hapo utaona yanapokomea. Watu wawili wanakutana njiani. Habari za nyumbani, njema. Za watoto, njema. Za kazi, njema. Za tangu jana, njema. Ni habari gani iliyosafiri? Hakuna mpya, na wote wawili walijua kwamba majibu yatakuwa "njema". Ukienda na mishale peke yake utasema huo ni upotevu wa wakati. Bronisław Malinowski, aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand, aliandika mwaka 1923 kwamba kuna usemi ambao kazi yake ni kuunga uhusiano, si kupeleka habari. Mtoto wa Lamu hulielewa hilo kabla ya kufungua kitabu.

Halafu kuna uso. Erving Goffman, mwanasosholojia, katika makala ya mwaka 1955, alieleza kwamba kila mtu akiingia katika mazungumzo huwa na sura yake mbele za watu, na wote waliopo hushirikiana kuilinda isianguke. Penelope Brown na Stephen Levinson walijenga juu yake nadharia ya adabu inayotumika hadi leo. Ninaiheshimu, nimeitumia, lakini mimi naiona imemweka mtu peke yake mno. Kwetu uso si wa mtu mmoja. Kijana akitukana sokoni, swali la kwanza ni "mtoto wa nani huyu?", na anayeona haya ni mamake aliyeko nyumbani. Ukiandika insha ukaonyesha kwa mfano wa kweli jinsi uso unavyomilikiwa na nyumba nzima, utakuwa umefanya kazi ya msomi.

Nadharia ninayoipenda kuliko zote ni ya maana ya kudokezwa, ya mwanafalsafa Paul Grice, iliyochapishwa mwaka 1975. Anasema msikilizaji hudhani msemaji anashirikiana naye: anasema kweli, kwa kiasi kinachotosha, lenye kuhusika, na kwa uwazi. Msemaji akivunja mojawapo waziwazi, msikilizaji hutafuta maana ya pili. Waswahili tunaliita fumbo, na tuna methali yake: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sasa tazama leso. Mwanamke anapita mbele ya mlango wa jirani akiwa amejifunga leso yenye jina "Mla nawe hafi nawe". Jirani amesoma, ameumia. Akiuliza, jibu liko tayari: nimejifunga leso tu, nawe umeona nini? Ujumbe umefika na hakuna aliyeusema. Katika nadharia ya Grice msemaji ni mmoja na maneno ni yake. Kwenye leso maneno ni ya kiwanda, aliyevaa ameyachagua, na aliyesoma ndiye anayebeba lawama ya kuyaelewa. Swali la nani amesema hapo ni gumu kwelikweli, na linastahili tasnifu.

Onyo moja kabla sijaendelea. Utasikia kwenye semina za ufasaha kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano ni maneno, 38 ni sauti na 55 ni uso. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kupenda au kutopenda pale neno na sauti au sura vinapopingana. Hazihusu mawasiliano yote. Ungekuwa ni ukweli, ungeweza kumwelewa mtu wa lugha usiyoijua kwa asilimia 93. Ukizikuta kwenye kazi ya mwenzako, msahihishe kwa upole.

Kunukuu: hapa kaa muda mrefu

Zoezi langu la kwanza la mwaka wa pili lilikuwa kurekodi dakika tano za mazungumzo ya kawaida na kunukuu dakika moja. Nilirudi nyumbani likizo, nikamwomba ami yangu ruhusa ya kuweka rikoda juu ya baraza lake, nami nikakaa ndani ya daka, mlango wazi. Alikubali, na kila aliyepita akaambiwa. Asubuhi moja akaja kijana wa mtaani. Nikarudi chuoni, nikaandika hivi: "Kijana alimsalimu mzee, wakajuliana hali, mzee akamkaribisha kuketi." Nilijivunia Kiswahili changu. Mhadhiri akanirudishia karatasi, pembeni ameandika maneno mawili: "Nini kilitokea?"

Nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaweka vipokea sauti masikioni, nikasikiliza tena, mara 30 huenda na zaidi. Hiki ndicho kilichokuwamo:

Kijana: Asalaam aleikum, ami.
Mzee: Waaleiku::m salaam. (0.2) Waambaje?
Kijana: Njema, al[hamdulillahi.
Mzee: [Alhamdulillahi. Na mama yako?
Kijana: (0.9) Njema. (0.4) Njema.
Mzee: (1.3) Kaa kitako.

Nukta mbili mbili zinaonyesha sauti iliyovutwa. Tarakimu za mabanoni ni kimya, kwa sekunde. Mabano ya mraba ni pale sauti mbili zilipopandana. Alama hizi zilibuniwa na Gail Jefferson, na zinatumika dunia nzima.

Tazama mstari wa tano. Hadi hapo majibu yalikuwa yanakuja papo kwa papo, hata "alhamdulillahi" za wawili zikagongana. Swali la mama likaulizwa, na kijana akanyamaza kwa sekunde moja kasoro kidogo. Kisha "njema", kisha "njema" tena. Neno ni lile lile alilolisema mwanzo. Lakini mzee alisikia kimya, akasikia kurudiwa, naye akanyamaza, halafu hakuuliza "kuna nini?" Alisema kaa kitako. Mama wa kijana alikuwa mgonjwa tangu usiku, na kijana alikuja kuomba boti. Adabu haikumruhusu kulitupa jambo hilo katikati ya salamu, na mzee hakumlazimisha kulisema akiwa amesimama njiani. Yote hayo yamo katika sekunde mbili na sehemu, na mimi nilikuwa nimeyafuta kwa sentensi moja nzuri.

Hapo nilizima rikoda. Dakika tano zilikuwa bado, lakini mazungumzo yalikuwa yamekuwa ya watu wenyewe.

Kwa nini sekunde 0.9 ina uzito? Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Jefferson walionyesha mwaka 1974 kwamba watu hupokezana zamu za kusema kwa utaratibu wa ajabu. Mwaka 2009 watafiti walipima lugha 10 za mabara mbalimbali, wakakuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama milisekunde 200, na kwamba jibu la kukubali huja haraka kuliko la kukanusha. Kiitaliano, ambacho vijana wa ufukweni Malindi wanakizungumza, kilikuwamo. Lugha ya Kiafrika ilikuwa moja tu, ya Namibia. Kiswahili hakikuwamo. Kazi ipo.

Basi fanya hivi. Rekodi kwa simu yako, ukiifunga mtandao isije ikaita katikati. Iweke mbali na upepo, na kama ni ufukweni Lamu, mbali na injini za boti. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili andika maneno tu, kila msemaji kwa mstari wake, na uyaandike yalivyotamkwa. Kama mtu amesema "yeo", usiandike "leo". Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kikigeuzwa Kiswahili sanifu kwenye nukuu, umetupa ushahidi. Mara ya tatu weka kimya, sauti zilizopandana, vicheko, pumzi. Mara ya nne ndipo andika pembeni unachodhani kinatendeka. Tenga saa moja na zaidi kwa kila dakika ya sauti, usijilaumu ukichelewa.

Kuna programu mbili za bure zinazosaidia: Praat, iliyotengenezwa Amsterdam, inayokuonyesha sauti kwa mchoro hadi upime kimya kwa milisekunde, na ELAN ya Nijmegen, ambayo hukuwezesha kuandika maneno chini ya video. Huna kompyuta? Simu na vipokea sauti vinatosha kuanza. Punguza kasi ya kusikiliza, uhesabu kimya kwa saa ya mkononi, kisha ukapime sawasawa kwenye maabara ya chuo.

Ruhusa, na adabu ya mtafiti

Usirekodi mtu asiyejua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda, na kabla ya sheria kulikuwa na staha. Mweleze kwa lugha yake unarekodi nini, kwa nini, nani atasikia, na kwamba anaweza kusema futa wakati wowote. Mpe nafasi ya kukataa bila kuvunjika uso: wengi huku hawawezi kumwambia mtoto wa fulani "hapana" ana kwa ana, watasema "inshallah" wakiwa wanakataa. Ukisikia inshallah ya namna hiyo, shukuru uondoke. Yule kijana nilimfuata wiki moja baadaye, mamake akiwa ameshapata nafuu, nikamsikilizisha, nikamuuliza kama naweza kuitumia bila jina lake. Alisikiliza mara mbili ndipo akakubali.

Kwa mradi wa mwaka wa mwisho utapitia kamati ya maadili ya chuo, na utafiti wa nje ya darasa huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Ukishaipata, bado nenda kwa chifu na kwa wazee wa mtaa ujitambulishe. Jua pia mipaka yako: mwanamume hatakaa kwenye vikao vya wanawake, na mwanamke hatakaa Mkunguni chini ya miti mbele ya ngome akirekodi wazee kana kwamba hayupo. Chagua mada ambayo mlango wake uko wazi kwako.

Kiingereza cha darasani

Utafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu kutoka shule za visiwani tunaingia tukiwa na woga wa kufungua mdomo. Gawanya kurasa za daftari lako mbili: kushoto istilahi na maelezo kama mhadhiri alivyosema, kulia maelezo yako kwa Kiswahili na mfano wa nyumbani. Zamu, uso, fumbo, muktadha, balagha, unukuzi: maneno tunayo. Usipoweza kueleza nadharia kwa Kiswahili kwa mtu wa nyumbani, bado hujaielewa kwa Kiingereza pia. Soma kwa sauti chumbani dakika 15 kila usiku, na jitolee kuwasilisha kazi ya kikundi mapema, muhula wa kwanza, wakati kila mtu bado anatetemeka.

Mradi wa mwisho, na kazi baada yake

Chagua jambo dogo. "Mawasiliano Lamu" si mada. "Jinsi nahodha na abiria wanavyopatana nauli kwenye gati la Mokowe" ni mada. Nyingine: muuguzi anavyotoa habari mbaya mbele ya jamaa, wauzaji wa ufukweni Malindi na wageni wa Kiitaliano, mji ambao umewazoea tangu kituo cha Waitaliano cha San Marco kilipoanza kurusha setelaiti kutoka Ngomeni miaka ya 1960, vikundi vya WhatsApp vya familia, na nani huruhusiwa kumkosoa nani humo.

Au chukua mikutano ya kushirikisha umma. Katiba ya 2010 inaitaka, na hapa tumeona uzito wake. Mwaka 2019, mwezi wa Juni, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu, na moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nani alipewa kipaza sauti, lugha gani ilitumika, swali la mvuvi lilijibiwa au lilipitwa: hayo ni maswali ya fani yetu, na majibu yake yana matokeo baharini. Kaunti, miradi ya afya, mashirika ya uhifadhi, hoteli, usuluhishi wa migogoro, rasilimali watu, wote wanahitaji mtu anayeweza kukaa mkutanini na kueleza baadaye kilichotendeka, si kilichoandikwa kwenye ajenda. Ukiomba kazi, usiseme tu "nina ujuzi wa mawasiliano", kila mtu husema. Peleka nukuu ya ukurasa mmoja na uchambuzi wake.

Ukishatetea mradi wako, chapisha nakala moja zaidi uirudishe nyumbani. Mimi nilimsomea ami yangu sura ya nukuu, pale pale barazani, baada ya alasiri. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie mstari wa tano. Kisha akaniambia nimekosea: hakujua kwa kile kimya, alijua tangu salamu, kwa sababu kijana hakuketi. Rikoda haikuwa na macho. Nikafungua daftari, nikaandika alivyosema, kwa Kiamu chake.